Nani amepima?

Kahawa ilikuwa imepoa vikombeni, na barazani kwetu hiyo ni dalili kwamba maneno yamekolea. Ilikuwa baada ya Isha, mwisho wa Aprili, tuko watu saba au wanane kando ya msikiti mmoja wa Mji wa Kale ambao sitautaja, maana haukumkosea mtu. Kijana mmoja ambaye si wa kila siku pale alitoka msikitini, akavaa viatu, akakaa mwisho wa benchi. Akatoa simu, akailaza kiganjani, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta mtandao. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu:

"Msikiti huu umepinda. Kibla iko kule. Nyuzi 12."

Yaani tukiswali hatuielekei Makka. Ungedhani katukana mama wa mtu.

Ami yangu, ambaye ameswali hapo tangu siku za kubebwa begani, aliweka kikombe chini polepole. "Waliojenga hapa walikuwa watu wa Mungu. Wao wakosee, wewe na hicho kidude chako ndio upatie?" Mzee mwengine akaongeza kwamba penye wengi pana Mungu, na hapo watu wameswali miaka na miaka. Upande wa pili akacheka rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, yule ambaye baraza lilimpachika jina Sayansi siku aliyotangaza kwamba ameacha dini. Bado huja kila usiku. Hakuna aliyewahi kumfukuza, kahawa haina madhehebu. "Nyuzi 12 au 180, tofauti iko wapi?" akasema. "Ukuta ni ukuta."

Halafu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeandikaandika, na mtu anayeandika hudhaniwa ana la kusema.

Nikasema: "Jamani, dini ni imani, sayansi ni sayansi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tuyaache."

Vichwa vikatikisika. Nikajiona hakimu.

Pembeni kabisa alikuwa amekaa mzee tunayemwita Fundi, mwashi aliyestaafu, asiyesikia vizuri na asiyesema sana. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi:

"Hapa nani amepima?"

Hakuna aliyejibu. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, akaenda zake.

## Majibu ya kukaa

Nilirudi nyumbani na hasira nisiyojua ni ya nani. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba yale majibu yote ya barazani, pamoja na langu, yalikuwa na kazi moja. Kila jibu lilimruhusu mwenyewe abaki amekaa.

Ami alikuwa na wazee wake. Sayansi alikuwa na kicheko chake. Kijana ndiye ningemtetea haraka, maana yeye angalau alishika kitu mkononi. Lakini hata yeye hakupima. Aliuliza simu, simu ikamjibu, akaamini. Ami aliuliza wazee, wazee wakamjibu, akaamini. Ukiwaondolea hasira, wale wawili ni ndugu.

Na mimi?

Mimi nilikuwa na methali. Mtu wa katikati huonekana ana busara kwa sababu hapigwi na upande wowote. Kusema "tuyaache" kuna mahali pake, pale ngumi zinapotaka kuruka. Pale barazani hapakuwa na ngumi. Palikuwa na swali moja dogo lenye jibu, na mimi nikalifunika kwa maneno mazuri ili nisinyanyuke kwenda kulitafuta. Akili ni nywele, sawa. Nywele nazo huchanwa.

Wiki moja baadaye nilikuwa kwenye feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa nazi na pikipiki, nikafungua ramani kwenye simu. Makka iko kwenye nyuzi 39.8 mashariki. Mombasa, nyuzi 39.7. Yaani ukisimama hapa ukaelekea kaskazini, kaskazini hasa, unaielekea Makka karibu bila kupinda. Nilitaka kumwambia mtu, lakini jirani yangu alikuwa akizuia nazi zisimwangukie.

Kilichonitia aibu hakikuwa ramani. Ni neno. Wazee wa pwani kaskazini huiita kibla, na kusini huiita suheli. "Upepo watoka kibla," alikuwa akisema marehemu babu. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nimelitumia, nimeliandika, na siku hata moja sikuwahi kujiuliza kwa nini upande wa kuswalia na upande wa kaskazini vina jina moja. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu miaka yote.

## Mlima na bwana wa London

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai, hapo juu tu ukishapita Mazeras, alikuwa safarini kwenda Uchagani. Asubuhi ile akaona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Akamuuliza mwongoza njia wake ni nini kile. Mwongoza njia akamjibu kwa neno moja: baridi.

Zilikuwapo simulizi zama hizo kwamba juu ya Kilimanjaro kuna fedha, na kwamba pepo wabaya wanailinda. Rebmann yeye aliandika kwamba ni theluji, na habari hiyo ikachapishwa Uingereza mwaka 1849. London alikuwapo bwana mmoja, William Desborough Cooley, mwanajiografia mwenye jina, ambaye alikuwa ameandika mengi juu ya bara hili bila kulikanyaga. Akakataa. Theluji karibu na ikweta? Mmishonari kaona mazigazi. Na Cooley hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amesoma Waarabu, amesoma Wareno, amelinganisha safari za watu wa kale. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mlima.

Ikabidi Karl Klaus von der Decken aende mwenyewe, 1861 na tena 1862, apande hadi theluji imnyeshee. Hata hapo Cooley aliendelea kubisha.

Nimewahi kusimulia kisa hiki mbele ya watu wa dini, wakafurahi: mcha Mungu kaona, msomi kapofuka. Nikamsimulia Sayansi, yeye akashika fedha na mapepo. Kila mmoja alichukua nusu yake akaenda nayo nyumbani, na mimi nikabaki na yule mwongoza njia. Hakusema fedha, hakusema pepo, na theluji hakuwa na jina lake. Alisema kile ambacho ngozi inaweza kukijua. Baridi.

(Rebmann mwenyewe, aliyekuwa na macho ya kuona theluji ile, aliondoka pwani mwaka 1875 akiwa karibu kipofu. Sijui kwa nini hilo hunikaa moyoni.)

## Benchi moja

Nilipokuwa na miaka tisa hivi nilimuuliza ustadhi wangu chuoni: kama sisi tukiwa usiku kuna watu wako mchana, basi Laylatul Qadri ni usiku wa nani? Nililiuliza kwa hamu kabisa, nikidhani atafurahi. Nikapata bakora mbili na onyo kuhusu maswali ya shetani.

Mwaka huohuo, shuleni, nikamuuliza mwalimu wa sayansi kwa nini mwezi hutufuata tukiwa ndani ya matatu. Hakunipiga. Alisema hilo haliko kwenye silabasi, na darasa zima likacheka.

Hadi leo sijui kipi kiliuma zaidi.

Sayansi alikuwa amekaa kando yangu mara zote mbili. Na hapo ndipo ninapoona tunakosea tunapopanga watu wa mji huu mafungu mawili, wanaoamini na wasioamini, kana kwamba wamelelewa sayari mbili. Tumetoka kwenye benchi moja. Tulinakili, tukakariri, tukarudisha kama tulivyopewa, na aliyerudisha bila kukosea akapigiwa makofi. Rafiki yangu alipoacha Kurani hakuacha kukariri. Alibadilisha maneno tu.

Ami naye ana kabati lake la majina. Humtaja Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973, kama mtu anayeonyesha kombe alilochukua babu yake kwenye mpira. Al-Biruni alikaa akapiga hesabu ya kibla ya mji wa Ghazna kwa kulinganisha masafa ya miji mmoja baada ya mwengine, kwa sababu hakuridhika kuambiwa. Humtaja pia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, na kumtaja kwenyewe ni kwa kushusha sauti. Huyu ni wetu, wa hapa hapa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwahimiza Waislamu wenzake wasome na waamke, kisha akawa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Nikamuuliza ami amesoma nini cha Sheikh.

Akafikiri kidogo. "Baba alikuwa akisoma," akasema.

## Laki saba na nusu

Sayansi anaipenda sensa ya 2019. Kati ya Wakenya milioni 47 na nusu, 755,750 walisema hawana dini. "Tunakua," husema, kama mwenyekiti wa chama. Nikamwambia karani wa sensa aliuliza dini ya mtu, hakuuliza nani anafikiri.

Halafu usiku mmoja, katikati ya Mei, swali la Fundi likinitekenya bado, nikamuuliza: "Wajuaje kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua?"

Akacheka. Nikamwambia sina mzaha.

Akanitajia Copernicus, akanitajia Galileo. Nikamwambia hayo ni majina, na ami yangu ana majina yake pia. Akanyamaza. Akasema amesoma. Nikamwambia na ami kasoma. Akanyanyuka, akaacha kahawa bila kuilipa (nikalipa mimi), na kwa siku tatu hakuonekana barazani.

Siku ya nne alikuja, akakaa, akaagiza kashata mbili, akanipa moja. "Nimetafuta," akasema. "Ni ngumu kuliko nilivyodhani." Akaanza kunieleza. Dunia ikilizunguka jua, basi nyota za karibu zinafaa zionekane zikisogea kidogo mbele ya zile za mbali, kama minazi ya karibu inavyosogea ukiwa ndani ya gari. Watu waliutafuta msogeo huo wakaukosa, kwa sababu nyota ziko mbali mno. Copernicus alichapisha kazi yake 1543. Friedrich Bessel alifaulu kupima msogeo wa nyota moja mwaka 1838.

"Karibu miaka 300," akasema. "Kwa hiyo wale waliobisha mwanzoni hawakuwa wapumbavu wote. Waliuliza mbona nyota hazisogei, na lilikuwa swali zuri."

Niliona linamuuma kulisema. Tangu aache dini, nadhani ule ulikuwa usiku wa kwanza nilipozungumza naye badala ya kuzungumza na video alizotazama.

## Shakahola

Hili nitalipitia haraka, si kwa kuwa ni dogo.

Mwaka 2023, kwenye msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wamefuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Watoto wamo. Wiki zile kila baraza la pwani lilikuwa na jibu tayari. Wakristo niliowajua walisema hao si Wakristo. Waislamu walisema kwetu haliwezi kutokea. Sayansi alisema dini ndiyo hiyo, mmeiona.

Majibu matatu, na kila moja lilifunga mlango.

Sikusikia mtu akiuliza mwanamke mwenye watoto watatu aliambiwa nini siku ya kwanza kabisa, siku ambayo bado hakuna aliyetaja njaa. Bila shaka alikuwa na akili. Alikuwa amepika, amelipa karo, amebishana na makanga kuhusu nauli. Aliambiwa nini? Nani alimwambia? Alipouliza swali lake la kwanza, alijibiwaje?

Mimi nilizima televisheni. Nilijiambia ni kwa sababu ya huzuni.

## Sijawahi kupima feri

Niliyoandika hapo juu niliyafuta mara moja, nikayarudisha. Kilichonifanya niyafute ni jirani yangu, kuli wa bandarini. Hutoka alfajiri, hurudi mgongo umekatika, huswali, hula, hulala. Nikamwite mvivu wa kufikiri, mimi ninayelipwa kukaa kivulini na kompyuta?

Isitoshe, mimi mwenyewe sijawahi kupima feri. Huingia, nikasimama, nikaamini itafika ng'ambo. Daktari hunipa vidonge, navimeza. Anayetaka kupima kila kitu kabla ya kukiamini atakufa njaa sokoni Marikiti akingoja vipimo vya nyanya. Kuamini watu si dhambi, na bila kuaminiana mji hauamki asubuhi.

Basi uvivu unaanzia wapi? Nimelizungusha swali hili wiki kadhaa, na sina jibu la kunyooka. Nilichonacho ni tukio moja. Nilimuuliza jirani yangu yule kama kibla ya msikiti imepinda. Hakukasirika, hakucheka, hakunitupia methali. Akasema:

"Sijui. Mimi namfuata imamu. Lakini mkipima, niambieni."

Alikuwa na sabuni usoni wakati huo, ananawa bombani. Nadhani hakuna mtu barazani petu aliyesema neno la akili kuliko hilo mwezi mzima, ukimtoa Fundi.

## Ufito, kamba na chaki

Nilisoma mtandaoni kwamba tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa zetu, jua huwa juu ya utosi wa Makka. Simamisha ufito wakati huo, popote jua linapoonekana, na kivuli chake kitalala kwenye mstari wa kibla. Nikaingoja siku hiyo kama harusi. Nikaomba ruhusa ya uwanja wa msikiti. Mtu mmoja wa kamati akasema tutaleta fitina. Imamu, ambaye ni kijana kuliko mimi, akasema: "Pimeni. Mimi ndiye ninayesimama mbele, nami nataka kujua."

Tarehe 28 nikafika mapema. Saa 6:10 likaja wingu kutoka baharini, zito kama godoro. Saa 6:18 ufito wangu haukuwa na kivuli hata cha dawa.

Fundi aliingia kwa swala ya adhuhuri, akanikuta nimesimama na ufito mkononi.

"Wangoja nini?"

Nikamweleza habari ya jua na utosi wa Makka. Akasikiliza, mkono sikioni.

"Makka iko kaskazini yetu sawasawa?"

"Karibu sawasawa."

"Basi mchana wao si ndio mchana wetu? Jua likifika kati kwao, si limefika kati kwetu? Kila siku. Leo ina nini?"

Nilisimama pale kama mwizi aliyemulikwa tochi. Mwezi mzima nilikuwa nikingoja siku ya mtandao, na ningeweza kupima kesho yake baada ya ule ugomvi. Ramani nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, kwenye feri. Sikuifuata hadi mwisho wake.

"Na saa pia huihitaji," akasema Fundi, akaingia kutia udhu.

Siku tatu baadaye jua lilikuwa kali. Fundi alikuja na timazi yake imefungwa kwenye kitambaa, kamba, na kipande cha chaki. Ufito wa mita 1 akausimamisha, akauhakikisha kwa timazi kila upande. Kisha akafunga kamba kwenye shina lake, akachora mduara sakafuni, nusu mita na kitu kutoka katikati. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinapita nje ya mduara, kisha kinafupika. Ncha yake ikigusa mstari kuingia ndani, unatia alama. Adhuhuri ikipita kinarefuka tena, na ncha ikigusa mstari kutoka nje, unatia alama ya pili. Unganisha alama mbili, umepata mashariki na magharibi. Kutoka katikati ya mstari huo hadi shina la ufito, umepata kaskazini na kusini. Alifundishwa na fundi aliyemfundisha kujenga.

"Msikiti haujengwi kwa makisio," akasema, na nikamwona ami, aliyekuwa ameleta kiti "kuangalia msivunje kitu", akikohoa kidogo.

Kijana wa simu alikuja. Sayansi alikuja, amevaa kofia ya chepeo. Alama ya kwanza ilitiwa saa 5 na robo.

Kisha adhana, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipigia hesabu. Jamaa husimama saa 7. Kwa kadiri ya Fundi, kivuli kingegusa mduara kwa mara ya pili saa 7 na dakika 20 hivi, watu bado wako kwenye sunna. Kivuli hakimngoji mtu.

Tukaangaliana. Halafu, mmoja mmoja, tukamwangalia Sayansi.

Ami ndiye aliyesema. "Wewe baki. Na usiende kuvuta sigara."

Mwenyezi Mungu anisamehe, rakaa ya tatu sijui nimeiswali vipi.

Tulipotoka alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa mduara, chaki mkononi, jasho linamtiririka shingoni. Alama ilikuwa imeshatiwa, ndogo na safi. Fundi akavuta kamba, tukaurefusha mstari hadi mita 2, tukaulinganisha na ukuta wa pembeni kwa tepu. Tofauti: sentimita 7. Kijana akapiga hesabu. Nyuzi 2.

"Nilisema!" ami akaruka.

"Hukusema mbili," akajibu Fundi.

Kijana aliivua simu yake kava, lile la kufungia kwa sumaku, na mshale wa dira ukaruka. Akasogea mbali na baraza la zege lenye nondo, ukaruka tena. Akaitazama simu muda mrefu. "Kwa hiyo hii haijui," akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani.

Sayansi hakuwa akisikiliza. Alikuwa bado amechuchumaa, anaiangalia chaki. "Fundi, mstari huu una unene. Nikikosea sentimita 1 hapa, kule kunapinda nyuzi ngapi?"

Fundi akafikiri. "Kama moja."

"Basi hizi mbili ni za ukuta, au ni za mkono wangu?"

Fundi akacheka, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee yule hana meno ya mbele. "Sasa," akasema. "Ufito mrefu zaidi. Mduara mkubwa."

Siku mbili zilizofuata ilinyesha. Ijumaa haikufaa, uwanja ulijaa watu. Jumamosi feri ilinichelewesha, nikafika saa 5 imeshapita. Mduara mpya ulikuwa umechorwa sakafuni, mkubwa karibu mara mbili ya ule wa kwanza, na katikati yake umesimama ufito unaonizidi urefu. Nikauliza ni nani aliyeuchora.

Hakuna aliyenijibu. Walikuwa wakitazama kivuli.